Mwache Bata Aatamie

Wengi wanaokuja kwangu kuulizia ufugaji wa bata huanza na habari ya mashine ya kutotolea vifaranga. Wanataka kujua wanunue ya mayai mangapi, ya umeme au ya sola, na fundi gani anatengeneza za bei nafuu. Nawasikiliza mpaka wamalize, halafu nauliza swali moja tu: bata jike unaye? Akisema anaye, na ni hawa bata wetu wa kienyeji wenye vinundu vyekundu kuzunguka macho, namshauri hela yake aiweke kwanza. Kwa familia inayotaka vifaranga kumi au ishirini kwa wakati mmoja, sijaona chombo kinachomshinda mama mwenyewe, ilimradi apewe mahali pa kukaa, ulinzi, na muda wake wote.

Huo muda ndio unaowashinda watu. Kuku huangua kwa siku 21. Bata weupe wenye mdomo wa njano, wanaoitwa Pekin, huchukua siku 28. Bata wetu huyu anahitaji siku 35. Ninakoishi, Muheza, karibu kila uani pana kuku, kwa hiyo kila mtu amekariri hesabu ya kuku. Ikifika siku ya 25 mwenye bata anaanza kuingiwa na wasiwasi. Siku ya 28 jirani anamwambia mayai yameshakuwa viza, bata anajichosha bure. Siku ya 30 anamwondoa bata, anayatupa mayai jalalani, na yanapopasuka anakuta ndani vifaranga walioumbika wote, mpaka manyoya, ambao walikuwa wamebakiza siku chache tu. Nimeliona jambo hilo kwenye nyumba za watu ninaowapenda, na kila mara linaniuma, kwa sababu yule bata alikuwa amefanya kila kitu sawasawa. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote lingine: chukua kalenda ya ukutani, weka alama siku bata alipoanza kuyalalia mayai yote usiku na mchana, hesabu wiki tano kamili, na usiruhusu mtu yeyote akupunguzie.

Bata huyu si mwenyeji wa asili wa Afrika. Wataalamu humwita Cairina moschata, na kwao ni Amerika ya Kati na ya Kusini, ambako watu walikuwa wanamfuga kabla meli za Wazungu hazijafika huko. Kuanzia karne ya 16 ndipo alipoanza kusafirishwa kwenda sehemu nyingine za dunia. Ndugu zake wa porini mpaka leo hulala juu ya miti na kutaga ndani ya matundu ya miti mikubwa. Ukilijua hilo unaelewa mengi kuhusu bata wa uani kwako: kwa nini ana kucha ndefu zinazokuchana ukimshika vibaya, kwa nini jioni unamkuta juu ya paa la banda, na kwa nini ukimwacha achague mwenyewe atakwenda kutaga nyuma ya pipa, chini ya ghala, au ndani ya chungu kilichovunjika mdomo. Anatafuta tundu la mti. Anataka giza, kuta karibu naye, na tundu moja la kuingilia.

Basi mtengenezee. Sanduku la mbao lenye upana wa sentimeta 40, urefu wa 50 na kimo kama 40 linamtosha, lifunikwe juu, liwe na mlango upande mmoja. Mlangoni weka kizingiti kifupi cha kuzuia mayai yasibingirike nje, lakini kisizidi upana wa vidole vinne, maana vifaranga watakuja kukivuka. Ndani tandika maranda au nyasi kavu zilizolainika. Mimi hutanguliza tabaka la udongo mkavu uliochanganywa na majivu ya jikoni. Udongo unakubali kubonyea katikati ili mayai yakusanyike pamoja, na majivu yanapunguza utitiri na chawa. Ndege anayeatamia amekaa mahali pamoja kwa wiki tano, na utitiri unaweza kumnyonya damu mpaka akakimbia kiota. Anaposimama kwenda kunywa maji, pitisha mkono kwenye nyasi na uutazame. Ukiona vidudu vyekundu vinatembea, badilisha matandiko siku hiyohiyo.

Huku kwetu kuna adui mwingine, siafu. Wakati wa masika wanatembea kwa misururu, na bata aliye juu ya mayai hakimbii upesi. Hata sisimizi wa kawaida wakigundua yai lililotobolewa na kifaranga anayetaka kutoka, wataingia kwenye lile tundu. Ndiyo maana napenda sanduku lenye miguu mifupi, kila mguu umesimama ndani ya kopo lenye maji na mafuta kidogo. Unaweka ubao wa mteremko wa kupandia, na siku vifaranga wakikaribia unauondoa kila bata akishaingia. Kama sanduku liko chini sakafuni, basi majivu mengi kulizunguka, na kagua kila jioni.

Kuhusu mayai yenyewe. Bata hutaga karibu kila siku, mara nyingi alfajiri, na akitoka huyafunika kwa nyasi. Yai linaloachwa penye ubaridi husimama. Kilichomo ndani hakianzi kukua mpaka lipate joto la mama. Hiyo ndiyo sababu yai lililotagwa Jumatatu na lililotagwa wiki mbili baadaye huanguliwa karibu siku moja. Lakini neno ubaridi lina maana yake. Mwezi wa pili, banda la bati hapa Muheza linakuwa na joto kali mchana, na yai lililokaa humo linaweza kuanza kukua nusunusu kisha likafa kabla bata hajaanza kazi. Kwa hiyo ninachofanya ni kuyatoa mayai kila asubuhi na kumwachia mawili ya zamani yaliyowekwa alama. Mengine nayaweka ndani ya nyumba, chumba kisichopigwa na jua, kwenye trei, ncha iliyochongoka ikitazama chini. Kila siku nayainamisha upande, leo kulia, kesho kushoto. Friji hapana. Baridi yake ni kali mno kwa yai unalotaka liwe kifaranga. Na siyaweki zaidi ya siku kumi; yakizidi hapo, yanapelekwa jikoni.

Usiyaoshe. Ganda la yai lina vitundu vingi visivyoonekana kwa macho, na juu yake kuna utando mwembamba unaozuia vijidudu kupenya. Ukiliosha unauondoa utando huo, na maji yanabeba uchafu kuupeleka ndani. Yai lenye matope kidogo lisugue kwa kitambaa kikavu. Lenye kinyesi kingi, lenye ufa, lililopinda au lenye ganda la chengachenga, usimpe bata hata kidogo.

Mayai 12 hadi 15 ndiyo anayoweza kuyafunika vizuri bata jike wa wastani. Watu wanapenda kuongeza, 18, 20, wakiona mwili wake ni mkubwa. Tatizo ni kwamba mama huyageuza na kuyahamisha, la katikati linakwenda pembeni, la pembeni linakuja katikati. Yakizidi, kila siku yapo mawili matatu yanayopata baridi, na kesho yake ni mengine. Mwisho wa wiki tano unakuta hasara imesambaa kwenye mayai yote, na unapata vifaranga pungufu ya ambao ungewapata kwa mayai 13.

Nimeulizwa pia kuhusu mbegu. Dume mmoja kwa majike wanne au watano ni hesabu nzuri. Dume wa huyu bata wa kienyeji akimpanda jike wa Pekin, mayai yanaweza kuangua, ila vifaranga wanaotoka, hata wakikua wanene na wenye afya, ni tasa. Yupo kijana alinijia na mayai ya bata wa aina hiyo aliyemnunua mnadani.

"Shikamoo bibi. Huyu bata wangu ameatamia mpaka amekonda, hajaangua hata moja."

"Marahaba, baba. Hebu nieleze baba yake alikuwa bata gani."

Hakujua, lakini tulipomtazama yule bata, umbo na sura yake vilitosha kujibu. Hakuna matunzo yatakayomfanya azae. Ukinunua bata kwa ajili ya kuzalisha, omba kuwaona wazazi wake. Na kama ulichonacho ni Pekin au wale wa kahawia wanaoitwa Khaki Campbell, usitegemee waatamie. Khaki Campbell anaweza kutaga hadi mayai 300 kwa mwaka, na watu walimchagua kwa sifa hiyo kizazi baada ya kizazi mpaka hamu ya kulala juu ya mayai ikapungua sana. Mayai yao mpe bata wa kienyeji akuangulie.

Utajuaje kwamba ameanza kuatamia kweli? Mwanzoni anataga na kuondoka. Kisha siku moja anachelewa kutoka. Halafu unakuta usiku amelala kiotani, amejitandaza, mkia ameufungua, na ukisogeza mkono anavuma kwa hasira na kujitunisha. Kwenye nyasi unaanza kuona manyoya laini meupe, ambayo ameyang'oa mwenyewe kifuani. Ameyang'oa ili ngozi yake iguse mayai moja kwa moja, na yale manyoya anayatumia kuyafunika akitoka. Mwilini mwake imeongezeka homoni iitwayo prolaktini, inayomfanya aache kutaga na ashikwe na hamu ya kulala. Mpe siku mbili au tatu za kuthibitisha. Kisha usiku, kwa tochi yenye mwanga hafifu, mrudishie mayai uliyoyaweka, yote kwa mkupuo mmoja, kila moja umeliandika tarehe kwa penseli. Alama ya penseli ina faida nyingine: bata wenzake wakiingia kutagia humohumo, unayatambua mayai mapya na kuyatoa. Yakibaki, siku ya kuangua mama ataondoka na vifaranga wake, na walio kwenye yale yaliyochelewa watafia ndani ya ganda.

Kuanzia hapo kazi yako ni ndogo, na ndiyo iliyo ngumu kwa watu: kuwa karibu bila kushikashika.

Mara moja kwa siku, bata wangu mweusi mwenye bawa jeupe husimama. Kwanza anayavuta manyoya na nyasi juu ya mayai kwa mdomo, taratibu, mpaka hakuna linaloonekana. Anatoka amejitunisha, anatembea kwa haraka, na anatoa kinyesi kikubwa chenye harufu kali ambacho alikuwa amekizuia tangu jana asichafue kiota. Anakula mahindi. Anakunywa. Kisha anaingia kwenye karai, anazamisha kichwa, anajimwagia maji mgongoni, anapigapiga mabawa. Baada ya dakika 20 au 30 hivi anarudi, na harudi mkavu. Matone yanang'aa tumboni mwake, naye anapanda juu ya mayai hivyohivyo.

Mjukuu wangu alipoliona hilo mara ya kwanza alikuja mbio. "Bibi, bata amelowa, atayaozesha mayai!"

"Mwache, mume wangu. Hayo maji ni ya mayai."

Yai linapumua. Katika wiki hizo tano maji yanapotea kupitia vile vitundu vya ganda, na yai hupungua zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake, huku nafasi ya hewa kwenye kichwa chake kipana ikikua. Ni lazima yapotee kiasi, maana kifaranga atahitaji hewa hiyo. Yakipotea mno, utando wa ndani unakauka na kumgandia. Wenye mashine wanalijua tatizo hili vizuri. Mayai ya bata huyu yanasifika kwa kusumbua ndani ya mashine, na wafugaji wanaofanikiwa ni wale wanaoyatoa kila siku yapoe kidogo na kuyanyunyizia maji ya vuguvugu. Yaani wanamuiga mama anayetoka kuoga. Mashine itakupa joto la nyuzi 37.5 bila kuyumba, kama umeme haujakatika, lakini huo unyevu na ule upoaji ni juu yako kuvikumbuka kila siku kwa wiki tano. Bata hakumbushwi. Unachotakiwa kumwekea ni karai la maji masafi, lenye kina cha kutosha kuzama kichwa, hatua chache kutoka kiotani.

Chakula chake wakati huu kiwe nafaka nzima, mahindi au mtama, badala ya pumba za majimaji. Atakula kidogo na atakonda; ndivyo ilivyo. Lakini asipotoka kabisa siku mbili mfululizo, mbebe kwa mikono miwili, mabawa yamebanwa, umweke karibu na maji. Kabla ya kumwinua hakikisha hakuna yai lililobanwa chini ya bawa au katikati ya miguu.

Kwenye siku ya 10 ninayamulika mayai. Usiku, taa zimezimwa, naweka yai kwenye mwanga wa tochi ya simu, kichwa kipana kikigusa tochi, vidole vimeziba mwanga usitoroke pembeni. Yai zima hugeuka rangi ya chungwa. Lisilo na mbegu linaonekana angavu ndani, kivuli cha kiini tu kinaelea. Lililo hai lina nukta nyeusi na mishipa myekundu iliyotoka kila upande, kama buibui aliyetandaza miguu, na ukitulia unaona ile nukta inashtuka. Likiwa na duara la damu bila mishipa, lilianza kukua likafa. Hayo mawili, lisilo na mbegu na lililokufa, yatoe. Yai viza likioza chini ya joto la bata linaweza kupasuka, na uchafu wake ukiwapaka wenzake, vijidudu vinapenya kwenye vitundu na unapoteza kiota kizima. Baadaye, wiki ya nne ikipita, narudia kwa kunusa tu: nainamisha pua juu ya mayai mama akiwa nje. Linalonuka haliko mbali.

Siku za mwisho ndizo ninazozipenda kuliko zote. Kifaranga anatoboa kwanza utando wa ndani, anaingiza mdomo kwenye ile nafasi ya hewa na kuanza kupumua kwa mapafu. Hapo anapata sauti. Ukilishika yai sikioni unasikia mlio mdogo ndani na kugonga. Mama naye, ambaye wiki zote hizo alikuwa kimya, anaanza kutoa sauti ndogo ya kutetemeka, anainamisha kichwa chini ya kifua chake, kisha anasikiliza. Mwanasaikolojia wa Marekani Gilbert Gottlieb alitumia miaka mingi kuchunguza mazungumzo haya kwa bata wa aina ya Pekin, na mwaka 1971 alitoa kitabu juu yake. Aligundua kwamba kifaranga aliyeanguliwa kwenye mashine, ambaye hajawahi kumsikia mama, bado anavutwa na mwito wa bata wa jamii yake kuliko wa ndege mwingine. Aligundua pia kwamba uwezo huo wa kutofautisha unajengwa ndani ya ganda, kwa kifaranga kusikia sauti yake mwenyewe na za ndugu zake kwenye mayai jirani. Nilipolisoma hilo niliacha kabisa kuyatenganisha mayai siku za mwisho.

Baada ya sauti, ganda linapata ufa mdogo wenye umbo la nyota, kwenye upande mpana. Kifaranga ana kijipembe kigumu juu ya ncha ya mdomo, anakitumia kugongea. Kisha anasimama. Saa zinapita. Unatazama asubuhi, ufa uleule. Unatazama jioni, tundu dogo na mdomo unaochungulia, hakuna zaidi. Hapa ndipo mkono wa binadamu unapowasha. Tafadhali usimmenye. Ndani ya ganda mishipa bado ina damu ambayo inarudi mwilini mwake, na kiini kilichobaki bado kinavutwa kuingia tumboni kwa kupitia kitovu. Ukimtoa mapema anavuja damu, au anatoka na kiini kikining'inia, na hatapona. Kutoka ufa wa kwanza hadi kutoka nje inaweza kuchukua siku nzima, wakati mwingine karibu mbili. Akishakuwa tayari anajizungusha ndani, anakata ganda kwa duara, anasukuma kwa miguu, na kichwa chote cha yai kinafunguka.

Anatoka amelowa, shingo haina nguvu, na mama anamfunika. Usimpe chakula siku hiyo. Kile kiini kilichoingia tumboni kinamtosha kwa siku moja hadi mbili, na ndicho kinachompa mama nafasi ya kuwasubiri wote. Yeye ndiye ataamua siku ya kutoka. Akishatoka na watoto, kagua mayai yaliyobaki: yenye sauti au ufa yaweke kwenye boksi lenye kitambaa na chupa za maji ya moto zilizoviringishwa, yasiyo na dalili yazike shimoni.

Wiki mbili za kwanza wawe ndani ya uzio uliofunikwa juu. Huku pwani adui mkubwa wa mchana ni kunguru. Huyu kunguru wa Bara Hindi aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili asaidie kusafisha taka mjini, akavuka bahari, na sasa anakula mayai na vifaranga wa watu mwambao mzima. Wanakuja wawili wawili, mmoja anamchokoza mama, mwingine anachukua. Kuna pia nguchiro na kenge, na usiku kicheche na fungo. Wavu wa samaki uliochakaa, ukitandazwa juu ya uzio, unamzuia kunguru vizuri kabisa. Kwa hao wengine tumia wavu wa chuma wenye matundu madogo na mlango wenye komeo.

Maji wape ya kina kifupi, kwenye sahani yenye mawe katikati, yanayotosha kuzamisha mdomo na kusafisha pua, lakini wasiweze kuingia wakashindwa kutoka. Kifaranga anayelelewa na mama anapata joto lake na mafuta ya manyoya yake, kwa hiyo maji yanateleza juu yake. Anayelelewa bila mama hulowa upesi na kufa kwa baridi, hata hapa kwenye joto.

Kwenye chakula nina neno zito. Wapo wanaodhani bata anakula chochote, hivyo humpa unga wa mahindi yaliyoharibika. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa kula chakula chenye mashudu ya karanga zilizoota ukungu, na vifaranga wa bata nao wakafa. Hivyo ndivyo sumukuvu ilivyogunduliwa. Kifaranga wa bata ni mwepesi kuathirika nayo kiasi kwamba maabara zilimtumia kama kipimo cha sumu hiyo. Na sumu hiyohiyo, ndani ya mahindi, iliua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004. Nafaka yenye ukungu isiliwe na yeyote, si mtu, si bata.

Wape chakula cha kuanzia cha vifaranga, kiloweke kidogo kisiwe unga mkavu wa kuwapalia. Cha kuku kinafaa, ila bata anahitaji zaidi vitamini iitwayo niasini, na akiikosa miguu inalegea na kupinda. Mimi huongeza dagaa waliosagwa na karanga safi zilizopondwa, na mchicha uliokatwa mdogomdogo. Mvua ikileta kumbikumbi, wafungulie waende na mama yao, na utaona anavyowafundisha. Anaonyesha kwa mdomo, anatoa ile sauti, wote wanakimbilia.

Wengine hunishauri nimpe bata mayai ya kuku, kwa kuwa anayafunika mengi na haachi kiota ovyo. Ni kweli, na wengi hufanya hivyo wakafanikiwa. Nisichokubali ni kuchanganya kwenye kiota kimoja. Hata ukiingiza ya kuku wiki mbili baadaye ili yafike siku moja, unapata watoto wa tabia mbili, hawa wanaingia kwenye maji, wale wanalowa na kufa. Kuna pia ugonjwa wa kideri: bata anaweza kubeba virusi vyake bila kuonyesha ugonjwa, na kuku wakaugua na kufa karibu naye. Kuku wako wachanjwe kwa ratiba, wawe na banda lao na maji yao.

Mama hukaa na watoto mpaka wanapoota manyoya, wiki nane hadi kumi hivi, kisha anaanza kuwafukuza na kumsogelea dume tena. Hapo ninamlisha vizuri arudishe mwili kabla ya kutaga upya, na sanduku nalitoa juani, matandiko yote yakachomwa. Madume wachanga, ambao wakati huo umeshawajua kwa ukubwa wa miguu, ndio wa kuuza au wa kitoweo. Majike nawatazama kwa makini, kwa kuwa tabia ya kuatamia inarithiwa. Nina daftari la mazoezi la shule ambamo kila bata ana ukurasa wake: alianza lini, alipewa mayai mangapi, aliangua mangapi, alikuza mangapi. Anayekimbia kiota mara mbili simrudishii mayai. Yule mweusi mwenye bawa jeupe, ameshaulizwa bei na watu wengi, na jibu langu halijabadilika. Simuuzi. Anayeitaka mbegu yake asubiri bata wake mwenyewe aanze kulala, aje na tenga lenye nyasi, nitampa mayai kumi na tatu.